Daktari Aliyelipima Kabila Zima

Mwaka 1954 mpigachapa wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi alitoa kijitabu chembamba kisichofika kurasa arobaini, chenye jina The Psychology of Mau Mau. Mwandishi wake hakuwa askari wala mkuu wa wilaya. Alikuwa daktari, J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari kwa miaka kumi na miwili. Wakati huo alikwisha kurudi Uingereza. Serikali ilimwita aje aitazame vita iliyokuwa ikiendelea, kisha aeleze kwa jicho la kitaalamu ni kitu gani kilichowapata Wakikuyu.

Litazame swali alilopewa kabla ya kutazama jibu lake. Hakuulizwa watu hawa wanadai nini. Aliulizwa wana nini vichwani. Kati ya maswali hayo mawili pana tofauti kubwa. Mtu anayedai shamba lake inabidi ajibiwe, hata kama jibu ni hapana. Mtu anayeumwa hajibiwi; anatibiwa, na akikataa tiba, kukataa kwenyewe kunahesabiwa kuwa dalili.

Nakileta kijitabu hiki hapa kwa sababu ya darasa moja. Kila mwaka, katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki, kuna madaktari vijana wanaoanza kusomea magonjwa ya akili. Baadhi yao wanafanyia mafunzo yao Mathari, hospitali ileile. Katika masomo yao yapo maadili ya udaktari, na katika sehemu nyingi za dunia somo hilo hujengwa juu ya nguzo nne walizoziandika Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Sina ugomvi na nguzo hizo. Ugomvi wangu ni na pale tunapoanzia. Ukianza na nguzo nne, unaanza na daktari aliyekaa na mgonjwa mmoja ndani ya chumba, mlango umefungwa. Historia yetu inaonyesha kwamba katika chumba hicho mara nyingi yupo mtu wa tatu, na huyo ndiye aliyelipa nauli ya daktari.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 ikiitwa Nairobi Lunatic Asylum, mahali palipokuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Asili hiyo inaeleza mengi. Nyumba iliyojengwa ili kuwaweka mbali watu wenye maradhi ya kuambukiza ikageuzwa kuwa ya kuwaweka mbali watu wenye maradhi ya akili, na kwa miaka mingi kazi yake ya kwanza ilibaki kuwa hiyo: kuweka mbali. Wagonjwa walitengwa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Waafrika wengi hawakuja kwa hiari yao. Waliletwa na polisi, au walitoka gerezani na mahakamani, kwa sababu walikuwa wamevuruga amani ya mji, ya shamba la mlowezi, au ya kijiji.

Katika miaka ya 1930 daktari wa hapo alikuwa H. L. Gordon. Huyu alikuwa mtu wa nadharia za kuboresha mbegu za binadamu, na mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha walowezi cha kuchunguza uboreshaji wa rangi za watu nchini Kenya. Alipima mafuvu. Mwenzake, mwanapatholojia F. W. Vint, alipima bongo za maiti za Waafrika na mwaka 1934 akachapisha matokeo yake katika jarida la anatomia la Uingereza, akidai kwamba tabaka la juu la ubongo wa Mkenya mweusi ni jembamba kuliko la Mzungu. Wakati ule hiyo ilihesabiwa kuwa sayansi. Ilikuwa na vipimo, majedwali na wastani.

Carothers alishika uongozi wa Mathari mwaka 1938. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mafunzo rasmi aliyapata baadaye, Uingereza. Jambo hili lastahili kutajwa darasani bila kejeli, maana daktari kijana wa leo anayejikuta peke yake kwenye hospitali ya wilaya, akiwa ndiye "mtaalamu" kwa sababu hakuna mwingine, anaijua hali hiyo. Hatari yake haiko katika kutojua tu. Iko katika kupewa mamlaka kamili ya kujua.

Kitu cha kwanza alichokifanya Carothers, kama watafiti wengi, ni kuhesabu. Alichukua idadi ya Waafrika walioingia Mathari, akaigawa kwa idadi ya watu wa nchi, akaona kwamba wendawazimu ni haba sana kwa Mwafrika aishiye kwao kwa mila zake. Aliona pia kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomwangusha mtu, karibu haupo. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba Mwafrika hana mzigo wa nafsi unaomlemea Mzungu: hajilaumu, hajitafakari, anabebwa na ukoo.

Makosa ya hesabu hiyo hayahitaji shahada kuyaona. Mathari haikuwa kioo cha nchi. Ilikuwa kioo cha polisi. Mwenye kelele aliletwa. Mwanamke aliyelala ndani ya nyumba yake huko Nyeri, hali wala hasemi, akitazama ukuta miezi mitatu, nani angempeleka Nairobi? Angeonekana na mama mkwe, na mganga, na majirani, lakini si na daftari la hospitali. Carothers hakuhesabu wagonjwa wa Kenya. Alihesabu watu ambao serikali ilikuwa imeona haja ya kuwakamata.

Hata hivyo hesabu ile ilisafiri. Mwaka 1951 alichapisha makala katika jarida la Uingereza akilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji uliokuwa ukitumika sana siku zile. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, kutoka Geneva, lilitoa kitabu chake The African Mind in Health and Disease. Kwa hiyo serikali ilipokuwa ikitafuta mtu wa kuelezea Mau Mau, haikumwokota mtu wa pembeni. Ilimwita yule ambaye shirika la dunia lilikuwa limekwisha kumpigia muhuri.

Hapa ndipo mwalimu wa maadili anapopaswa kupunguza mwendo, kwa sababu ni rahisi kumgeuza Carothers kuwa zimwi, na mwanafunzi hajifunzi kitu kutoka kwa zimwi. Mwanafunzi anasema, "Mimi siko hivyo," anafunga daftari.

Maandishi ya Carothers si ya mtu anayefoka. Ni ya mtu mstaarabu, mwenye tahadhari, anayekubali kwamba ushahidi wake una mapengo. Aliziacha kwa sehemu kubwa nadharia za mafuvu za Gordon, akaegemea utamaduni na malezi. Katika kijitabu cha 1954 hakusema Wakikuyu ni wabaya kwa damu. Alisema wamekatika katikati: wamekutana na ustaarabu wa kigeni, wakapoteza mila zilizowashika na kuwaliwaza, na bado hawajapata kitu cha kushika. Wasiwasi huo, kwa maoni yake, ndio uliozaa viapo na mauaji. Msomaji wa leo anaweza hata kudhani anasikia sauti ya huruma.

Lakini angalia kilichotoweka ndani ya huruma hiyo. Wakikuyu wa Kiambu walikuwa wamenyang'anywa ardhi na walowezi tangu mwanzoni mwa karne. Maelfu waliishi kama vibarua wasio na haki kwenye mashamba ya Bonde la Ufa, kisha wakafukuzwa. Walikuwa na vyama, walipeleka malalamiko, walituma wajumbe London. Kijitabu hakikuyakana kabisa malalamiko hayo. Kiliyasogeza pembeni tu, yakawa mandhari ya nyuma, na mbele wakakaa "wasiwasi" na "kipindi cha mpito". Dai la kisiasa liliingia katika chumba cha daktari likatoka likiwa dalili.

Kisha ikaja tiba. Carothers aliona ubaya mmojawapo uko katika jinsi Wakikuyu walivyoishi, kila familia kwenye boma lake mlimani, mbali na wenzake. Alipendekeza wakusanywe vijijini. Nisionewe kwamba nasema kijitabu ndicho kilichojenga vijiji. Waingereza walikuwa wamekwisha kuutumia mpango huo Malaya, na wakuu wa vita Kenya waliutaka kwa sababu zao: kuwakatia chakula wapiganaji wa msituni. Walichokosa ni neno safi la kuusemea, na daktari aliwapa. Katika 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, penye amri ya kutotoka nje na kazi za lazima. Wengine wengi walikuwa kizuizini, ambako kukiri kiapo kulihesabiwa kuwa ndiyo dalili ya kupona na kulipiwa kwa kusogezwa kambi iliyo na nafuu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliokataa kazi walipigwa hadi kufa.

Kipimo cha daktari hakikushika rungu. Ila kilifanya jambo ambalo rungu haliwezi kulifanya: kiliwasaidia watu waliojiona waungwana walale usingizi. Mwaka 2013, serikali ya Uingereza ilisimama bungeni kwake ikakiri kwamba Wakenya waliteswa katika miaka ile, ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228. Makubaliano hayo yalihusu mateso. Kijitabu hakikuwa na pa kushtakiwa.

Mwaka huohuo wa 1954, upande wa pili wa bara, daktari mwingine alikuwa akijenga uhusiano wa namna nyingine kati ya vijiji na magonjwa ya akili. Adeoye Lambo, Mnaijeria aliyesomea Birmingham, alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa, aliwapangisha kwa wakulima wa vijiji vilivyoizunguka hospitali. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake wa kumpikia na kukaa naye. Waganga wa jadi walishirikishwa. Mgonjwa alikwenda hospitali kupata dawa, akarudi kijijini kula na watu.

Ukiweka vijiji hivyo viwili sambamba, kile cha Kiambu na kile cha Aro, una nusu ya somo la maadili. Vyote viliitwa vijiji, na vyote vilisemwa kuwa ni kwa faida ya waliomo. Tofauti haipatikani katika maneno ya daktari. Inapatikana langoni: nani anaweza kutoka?

Lambo alifanya na jambo la pili. Pamoja na Waamerika wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikwenda kuwauliza Wayoruba majumbani mwao, wale ambao hakuna polisi aliyewakamata. Matokeo yalitoka mwaka 1963, na sonona ilikuwapo, tena si kwa uchache. Ilikuwapo siku zote. Ilikuwa haijaulizwa. Miaka kumi baadaye Lambo alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, shirika lilelile lililokuwa limetoa kitabu cha Carothers.

Jibu kali zaidi kwa Carothers, hata hivyo, lilitoka Algeria. Frantz Fanon aliingia hospitali ya Blida-Joinville mwishoni mwa mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata vita ya ukombozi ikaanza. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka Ufaransa mwaka 1961 na baadaye kikatolewa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, Fanon anamtaja Carothers kwa jina na kumweka pamoja na madaktari wa Kifaransa wa Algiers waliofundisha kwamba Mwarabu wa Algeria ni muuaji kwa maumbile. Wengi wanaokisoma kitabu hicho huishia kwenye sura za mwanzo, zile za ukoloni na nguvu. Daktari anayesomea magonjwa ya akili angeanzia sura ya tano, ambako Fanon anafungua majalada ya wagonjwa wake.

Mmoja ni mkaguzi wa polisi wa Kifaransa. Kazi yake ni kutesa watu. Siku hizi anampiga mke wake na watoto wake wadogo, hata yule mchanga, naye mwenyewe anaogopa. Anamwomba daktari amtibu, lakini hana nia ya kuacha kazi. Anataka asaidiwe aendelee kutesa bila kusumbuliwa na moyo, na nyumbani awe baba mtulivu.

Mwingine ni polisi kijana anayesikia mayowe usiku. Siku moja, akiwa katika viwanja vya hospitali, anakutana ana kwa ana na Mwalgeria aliyewahi kumtesa, ambaye naye ni mgonjwa hapohapo. Polisi anakutwa ameegemea mti, anatetemeka na kulowa jasho. Mwalgeria anakutwa chooni akijaribu kujiua, kwa kuwa ameamini wamekuja kumchukua tena. Wauguzi wanatumia muda mwingi kumshawishi kwamba amekosea, kwamba polisi hawaingii hospitalini, kwamba alichokiona hakikuwapo.

Sijui mfano mwingine unaoyafanya maneno "kumtendea mema mgonjwa" yawe mazito kiasi hiki. Nguzo ya kwanza inasema mheshimu mgonjwa na anachokitaka. Mkaguzi anajua anachokitaka. Nguzo ya tatu inasema usidhuru. Usimdhuru nani? Ukimtuliza mkaguzi, mtu wa kesho katika chumba chake cha mahojiano atakutana na mikono isiyotetemeka. Na yule Mwalgeria wa chooni: aliambiwa uongo ili apone, naye alikuwa ndiye mwenye akili timamu kuliko wote waliokuwa pale, maana alichokiona alikiona kweli.

Fanon hakuandika kanuni. Mwaka 1956 aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba haiwezekani kumrudisha mtu katika nchi yake kwa njia ya tiba wakati nchi yenyewe imemfanya mgeni nyumbani kwake. Mapema mwaka 1957 alifukuzwa Algeria. Mwanafunzi anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: je, wagonjwa aliowaacha? Kujiuzulu nako kuna gharama, na gharama haikumwangukia Fanon peke yake.

Inashangaza kwamba madaktari wa akili duniani hawakukubaliana kanuni zao wenyewe za maadili kwa sababu ya Nairobi wala Algiers. Walikubaliana kwa sababu ya Moscow. Katika Urusi ya Kisovyeti mtu aliyeipinga serikali aliweza kupelekwa hospitali ya akili badala ya gerezani. Profesa mkubwa wa huko, Andrei Snezhnevsky, alikuwa amefundisha aina ya skizofrenia inayokuja polepole mno, isiyo na sauti za ajabu wala vurugu, na miongoni mwa dalili zake ilikuwamo shauku iliyozidi ya kutaka kurekebisha jamii. Jenerali Pyotr Grigorenko, aliyewatetea Watatari wa Crimea, alipimwa mara mbili mwaka 1969. Jopo la Tashkent lilimkuta mzima. Jopo la Moscow likamkuta mgonjwa, na hilo ndilo lililofuatwa.

Mwaka 1971 daktari kijana wa Kiev, Semyon Gluzman, umri wake miaka 25, ndiyo kwanza anaanza kazi, aliyakusanya maandishi yote aliyoweza kuyapata kuhusu jenerali huyo. Akaandika ripoti kwamba mtu huyu hana ugonjwa. Mwaka 1972 alihukumiwa miaka saba ya kambi na mitatu ya uhamishoni. Mwaka 1977 Chama cha Madaktari wa Akili Duniani, kikiwa mkutanoni Honolulu, kilipitisha Azimio la Hawaii, ambalo lilisema wazi kwamba daktari asitumie taaluma yake dhidi ya mtu asiye mgonjwa, hata akiagizwa na mwenye mamlaka. Mwaka 1979 Grigorenko, aliyekuwa amefika Marekani, alipimwa upya na hakukutwa na ugonjwa wa akili.

Kisa cha Gluzman kinatibua kanuni nyingine, na ndiyo maana kinafaa darasani. Marekani, mwaka 1964, gazeti moja liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 kuwauliza kama mgombea urais Barry Goldwater ana akili ya kutosha kuongoza. Madaktari 1,189 walijibu kwamba hafai, ingawa hawakuwahi kumpima. Goldwater alishitaki gazeti akashinda, na mwaka 1973 chama chao kikaweka kanuni: usitoe hukumu ya akili ya mtu ambaye hujampima.

Kanuni hiyo ingemzuia Carothers asilipime kabila zima. Lakini ingemzuia na Gluzman, ambaye naye hakumwona mgonjwa wake. Kwa nini basi mmoja anatuudhi na mwingine tunamheshimu? Nimeliona jibu moja tu linalosimama. Carothers aliandika kwa kuombwa na mwenye nguvu, juu ya watu wasioweza kumjibu, na hakupoteza kitu. Gluzman aliandika bila kuombwa, dhidi ya mwenye nguvu, kwa ajili ya mtu aliyefungiwa, akalipa miaka kumi. Kanuni ni ileile. Kinachobadilika ni upande ambao neno la daktari linaangukia, na nani atakayelibeba.

Tuje wodini sasa, kwa sababu daktari anayesoma leo hataitwa na gavana kuandika juu ya vita. Ataitwa na watoto wa mzee.

Chukua mfano wa kutunga, lakini ambao kila aliyefanya kazi hospitalini atautambua. Mzee wa miaka sabini na kitu analetwa na wanawe watatu. Wamevaa vizuri, wanamheshimu daktari, wanamwita kwa upole. "Daktari, mzee wetu siku hizi haeleweki. Anafoka usiku. Amempa mtu baki kipande cha shamba. Tunaomba tu utuandikie." Mzee amekaa pembeni, fimbo kati ya magoti. Akiulizwa, anajibu, "Hawa wanataka shamba." Daktari ana wagonjwa wengine arobaini kwenye foleni.

Labda mzee ana ugonjwa wa kusahau, na kweli anadhulumiwa na huyo mtu baki. Labda mzima kabisa. Labda yote mawili: anasahau, na watoto wanataka shamba. Jambo la hakika ni kwamba ile karatasi, ikishaandikwa, itatoka hospitali na kwenda kwa wakili, au kwa mjumbe, au mahakamani, na huko haitasomwa kama maoni. Itasomwa kama ukweli. Kila neno la mzee baada ya hapo litakuwa dalili, likiwamo lile la kwanza: "Hawa wanataka shamba."

Kwa mwanafunzi aliyefundishwa nguzo nne tu, kesi hii ni ya ridhaa na uwezo wa kuamua, na atakumbuka, kwa usahihi, kwamba sheria za sasa, kama ile ya Tanzania ya 2008 na marekebisho ya Kenya ya 2022, zinamtazama mgonjwa kama mtu mwenye haki zake. Kwa mwanafunzi aliyesoma kijitabu cha 1954, kesi hii ina sura nyingine ambayo ameshaiona. Kuna shamba. Kuna mtu anayelidai. Kuna wengine wanaomleta kwa daktari wakiwa na swali limeshaandaliwa. Atajua kwamba kabla ya kupima anapaswa kuuliza mambo matatu. Nani ameniita, na atapata nini nikikubali? Mtu huyu angesema nini kama kauli yake ingehesabiwa kuwa kauli na si dalili? Na karatasi yangu itakwenda wapi ikitoka mkononi mwangu?

Maswali hayo hayampi jibu. Yatamlazimu amtoe mtoto mkubwa nje kwa dakika kumi na akae na mzee peke yake, amuulize tarehe, majina ya wajukuu, bei ya mahindi, na kwa nini alimpa yule mtu kipande cha shamba. Huenda mzee akataja deni la miaka thelathini iliyopita ambalo wanawe hawalijui. Huenda akashindwa kutaja majina ya wanawe. Vyovyote itakavyokuwa, atakuwa amepimwa yeye, wala si malalamiko ya waliomleta.

Wapo watakaosema kwamba kumfundisha kijana historia hii ni kumtia woga, na kwamba nchi zetu zina upungufu mkubwa wa madaktari wa akili. Tunahitaji wanaotenda, si wanaositasita. Hoja hiyo ina uzito. Mgonjwa aliyefungwa kamba nyumbani hahitaji daktari anayetafakari Algeria, anahitaji dawa leo. Lakini Carothers naye alikuwa daktari pekee, mwenye wagonjwa wengi na muda mfupi, katika hospitali yenye uhaba. Uhaba haukumfanya awe mwangalifu. Ulimfanya awe sauti ya pekee, na sauti ya pekee haina wa kuisahihisha. Kadiri madaktari walivyo wachache, ndivyo neno la kila mmoja linavyokuwa zito, na ndivyo linavyohitaji kupimwa kabla halijatoka.

Mathari bado ipo, kando ya barabara ya Thika, na siku hizi ni hospitali ya taifa ya rufaa na mafunzo. Wanafunzi wanaingia na kutoka pale wakiwa na vitambulisho shingoni. Ningependa siku yao ya kwanza ya somo la maadili wakute mezani nakala ya kijitabu kile, waambiwe kwamba kiliandikwa na mtu aliyeongoza hospitali hii, kisha wapewe kalamu. Kazi yao iwe moja: kusoma kurasa zile zote na kupigia mstari kila mahali ambapo Mkikuyu mmoja, mwenye jina, anasema kitu.